Ndoo ya Idi ilivyofika Jozani

Mwanangu Idi, wa miaka sita, alitoka nyumbani na ndoo ya kuchezea mchanga. Mama yake mdogo aliyeko Muscat alimrushia video ya ngamia kwenye vilima vya mchanga, na mimi nikamwambia gari tutapandia Kijangwani. Basi, kwake yeye tunakwenda jangwani. Pale stendi akakuta daladala na wauza maji baridi. Hakulia, ila ndoo hakuiachia. Tukapanda 310 ya Makunduchi: yeye, dada yake Nasra wa miaka tisa, mama yangu, mimi, na kapu la mikate ya kumimina.

Jozani ni msitu ulio kama kilomita 35 kutoka mjini, na umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004. Mimi mzaliwa wa Unguja nimeingia kwa mara ya kwanza na miaka 34, kwa kudhani pale ni pahala pa watalii. Hilo linaniuma, kwa sababu mwenyeji analipa kidogo kuliko mgeni na wanyama wenyewe ni wetu: kima punju hayuko kwengine kokote duniani ila visiwani kwetu.

Tuliwakuta karibu na barabara, mama na mtoto wake mgongo mwekundu, wakitafuna majani juu ya mti wa mkungu. Idi akahesabu vidole: vinne, gumba halionekani. Mwongozaji akatukataza kuwasogelea na kuwapa chochote, hata ndizi mbivu. Nasra akauliza kwa nini. Yule kijana akachuchumaa akamweleza taratibu, kama anayezungumza na mtu mzima. Tumbo la kima punju, alisema, limeumbwa kwa majani na matunda mabichi. Sukari ya tunda bivu inamdhuru. Na majani ya mikungu na miembe yana vitu vinavyolichafua tumbo, ndiyo maana kima wa huku hula makaa, wakiyaokota hata jikoni kwa watu.

Mama akasimama. Kakulia Kitogani, jirani na msitu huu. "Kumbe ile ilikuwa dawa! Sisi tukiwafukuza kwa mawe." Akanyamaza njia nzima mpaka tulipotoka kwenye kivuli cha mitondoo.

Huko nje ni vichaka vikavu juu ya mawe ya matumbawe, jua la kaskazi linachoma. Idi akatua ndoo. "Bibi, hapa ndo jangwani?"

"La, mjukuu wangu, haya maweni. Babu yako kalima mtama humu." Akamwonyesha kishimo chenye udongo kiganja kimoja. Mvua ikinyesha, akasema, maji yanazama mara moja, kwa hiyo mbegu hutiwa kwenye vishimo kama hivi. Tulikaa hapo kuliko pahala pengine popote. Kwenye mikoko ya Pete watoto waliangalia kaa, wakachoka, tukala mikate yetu.

Wakati wa kurudi, kwenye matuta ya barabarani, dereva wetu akapunguza mwendo, kima wawili wakavuka. Kuna madereva hapo hawapunguzi, na nawaomba kwa dhati wapunguze. Idi alisimama kitini kuwatazama hadi walipopotea majanini, kisha akamgeukia bibi yake.

"Bibi, ukikaa tena shamba, usifunike makaa."

Akamwambia hatafunika.