Nilivyojizoesha gemu zinazohesabu magazini

Kwenye Counter-Strike 1.6, gemu ya kupigana kwa bunduki, AK ina namba mbili chini ya skrini: risasi 30 za kwenye magazini (kasha la risasi linalochomekwa kwenye bunduki) na 90 za akiba. Piga risasi tano, bonyeza R, magazini inabadilishwa, unasoma 30 na 85. Zile 25 zilizobaki kwenye magazini iliyochomolewa zimerudi zenyewe kwenye akiba. Nilicheza hivyo miaka yote ya sekondari, na kidole kilishazoea: adui akianguka tu, R.

Baada ya kidato cha sita nikaenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na huko ndiko nilikoshika SMG, bunduki ya jamii hiyohiyo ya AK. Kilichonishangaza kwanza ni kazi ya dole gumba. Risasi zinaingizwa kwenye magazini moja moja, unaikandamiza kila moja mpaka ipite kingo za juu na kukaa. Za mwanzo zinateleza zenyewe. Kadiri zinavyoongezeka springi inakaza, na ukikaribia 30 gumba linauma kwelikweli. Halafu magazini yenyewe haichomekwi tu kwenda juu kama betri. Unatanguliza pembe ya mbele, unaivuta nyuma mpaka isikike "ta!". Ukikosea pembe, haikai.

Kisha kukoki: kuivuta nyuma bolti, kile chuma kinachosukuma risasi, na kuiachia ili iingize risasi kwenye chemba, tundu inamofyatuliwa. Bunduki hii risasi zikiisha bolti haibaki nyuma kama ya M16. Unasikia "tik" ya nyundo, basi. Kwa hiyo ukibadilisha magazini wakati chemba bado ina risasi, huna haja ya kukoki. Chemba ikiwa tupu, lazima. Ile AK ya 1.6 inakoki kila mara, hata risasi ikiwa ndani, jambo ambalo kwenye bunduki halisi lingeirusha nje risasi nzima. Kuruta mwenzetu alilifanya hilo mazoezini na afande akamwambia, "Okota risasi ya serikali hiyo!" (Na maganda ya 1.6 yanatokea kushoto, wakati ya SMG yanaruka kulia.)

Niliporudi uraiani nilitaka gemu inayoheshimu hatua hizi. Nikaanza na Receiver ya Wolfire Games, ya mwaka 2012, ambayo kila tendo lina kitufe chake: kutoa magazini, kujaza risasi moja moja, kurudisha magazini, kuvuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola, ndiyo inayovutwa kukoki). Ni gemu ndogo, ila ndiyo iliyonifundisha vidole vyangu kufikiri kwa hatua. Bastola ya Colt M1911 inabeba risasi saba kwenye magazini, na ukiwa na saba tu unajikuta unahesabu bila kujilazimisha.

Kutoka hapo nikahamia Insurgency: Sandstorm ya mwaka 2018. Hapa magazini iliyotumika nusu inarudi mfukoni ikiwa nusu vilevile, na baadaye utakutana nayo tena, pengine mlangoni adui akiwa mbele yako. Ukibonyeza R mara mbili unaitupa chini na kubadilisha haraka zaidi, lakini risasi zake umezipoteza. Kilichonisaidia ni kuacha kuhesabu risasi, nikahesabu magazini. Nabadilisha nikiwa nyuma ya ukuta tu, na nabadilisha kabla chemba haijakauka, ili nisihitaji kukoki. Sekunde ile moja ya kukoki imeniokoa mara nyingi kwa kutokuwepo.

Naelewa kwa nini gemu za kasi zinamhurumia mchezaji kwenye hesabu ya risasi; zingekuwa nzito mno. Lakini kukoki pale tu inapostahili hakumpunguzii mtu raha, na mtengenezaji anayelipatia hilo ananionyesha kwamba aliitazama silaha kwa makini.

Siku hizi nipo kwenye Receiver 2, ya mwaka 2020. Humo bastola inakwama: ganda linabanwa na slaidi kabla halijatoka, na kila aina ya kukwama ina namna yake ya kukwamuliwa. Ganda lililobanwa nimeshaliweza. Risasi mbili zinapogombania chemba moja, hapo bado najifunza.