Bahasha Alizoambiwa Asifungue

Mimi huwa nawasomea wenzangu Waswahili hapa Marekani barua zao za Kiingereza. Kwa hiyo mama mmoja aliponipigia jioni, "Mwanangu, ukipata nafasi pita, kuna karatasi sizielewi," sikuwa na wasiwasi wowote. Nilimpa shikamoo yake, nikakaa, akaniwekea mezani mfuko wa plastiki uliojaa bahasha. Nilizihesabu: 17, zote kutoka kampuni inayosimamia mkopo wake wa nyumba. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Mbona hujazifungua, mama?"

"Yule kijana alinikataza. Eti mwanasheria wao ndiye anayeongea na kampuni ya mkopo, mimi nikiingilia nitaharibu."

Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, akakaa bila kazi, marejesho yakalala. Kampuni ilipoanza taratibu za kuinadi nyumba, jambo hilo liliingia kwenye kumbukumbu za umma, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Matapeli huzisoma kila siku. Kijana alikuja akijua jina lake, mkopeshaji wake, hadi kiasi anachodaiwa, na mama akaamini kwamba mtu anayejua yote hayo lazima ametumwa na serikali. Akampa dola 800 mara tatu ili amtafutie unafuu wa mkopo.

Tulianza kufungua bahasha moja moja. Tatu kati yake zilikuwa na fomu za kuomba unafuu wa mkopo. Nilizisoma nikanyamaza kidogo. Kitu alicholipia dola 2,400 atafutiwe, kampuni yenyewe ilikuwa inamwomba akijaze, bure, na kilikuwa chini ya meza yake miezi yote ile.

Halafu akatoa karatasi za kijana. Ya mwisho ilikuwa na kichwa "Quitclaim Deed". Ukiona maneno hayo, weka kalamu chini. Maana yake ni kwamba unamwachia mwingine haki yako yote katika nyumba, huku deni la benki likibaki jina lako. Wao husema ni ya muda tu, utabaki unalipa kodi ya pango ndani ya nyumba yako, kisha utainunua tena. Mama alikuwa ameshatia sahihi. Kilichokosekana ni mhuri wa mthibitishaji wa sahihi (notary), na kijana alikuwa ameahidi kumleta Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Sheria ipo. Tangu Januari 31, 2011, kanuni ya serikali kuu inakataza makampuni yanayodai kukutafutia unafuu wa mkopo kupokea hata senti kabla hayajakuletea pendekezo la maandishi kutoka kwa mkopeshaji na wewe ukalikubali. Pia inayakataza kukwambia usiwasiliane na mkopeshaji. Mawakili wana nafuu fulani katika kanuni hiyo, ndiyo maana matapeli hupenda sana kumtaja "mwanasheria wetu".

Hasara kubwa lakini ni muda. Kwa mikopo mingi, mkopeshaji hawezi kuanza taratibu za kunadi mpaka deni lipite siku 120, na ukiwasilisha maombi kamili ya unafuu zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, lazima yaamuliwe kwanza. Mnada wa mama ulikuwa umebakiza siku 24. Kinga hiyo ilikuwa imempita akiwa anamtii kijana.

Asubuhi tulipiga 888-995-4673, wanapopatikana washauri walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba. Hawakudai chochote. Mshauri alimpigia msimamizi wa mkopo mama akiwa kwenye laini hiyo hiyo. Kampuni haikulazimika kukubali, ila ilisogeza mnada, na baadaye malimbikizo yakapelekwa mwisho wa mkopo. Tulishtaki pia kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Dola 2,400 hazijarudi, na simu ya kijana haipatikani.

Siku nyingine mama aliniambia kwamba alishaanza kumshuku kijana wiki mbili kabla ya kunipigia. Aliona haya. Alidhani nitamwona mjinga. Nakuomba wewe unayesoma, kama kuna karatasi umeshatia sahihi na moyo hautulii, mpigie mtu leo, hata kama ni usiku. Wiki mbili zile ndizo zilizotuvusha ng'ambo ya siku ya 37.