Siku ya 20 baada ya kufeli

Binti yangu ndiye aliyeniuliza kwanza. "Mama, umepata ngapi?" Ana miaka 7, na kwake yeye kila mtihani una alama juu ya karatasi. Nikamwambia huu hauna alama, ni umefaulu au hukufaulu, basi. Akafikiri kidogo. "Sasa utajuaje umekosea wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia akanawe miguu alale.

Kwa asiyeujua, NCLEX-RN ni mtihani ambao muuguzi lazima aufaulu ndipo apate leseni ya kufanya kazi Marekani. Unafanywa kwenye kompyuta, na kompyuta inakupima kadiri unavyojibu: ukipata, inakuletea gumu zaidi, ukikosa, inashuka kidogo. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, na muda wote ni saa 5. Mashine inasimama pale inapofikia hakika ya asilimia 95 kwamba uko juu ya kiwango au uko chini. Kwangu haikuifikia. Nilikwenda nayo mpaka swali la 150, mabega yamekaza, macho yanawasha, kisha skrini ikanyamaza. Siku 2 za kazi baadaye nikafungua matokeo yasiyo rasmi nikiwa nimesimama koridoni, katikati ya zamu. Nikarudisha simu mfukoni, nikaingia chumba kilichofuata kumgeuza mgonjwa wangu, maana saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika.

Kanuni inataka usubiri siku 45 kabla ya kurudia. Nilijiapiza nitaanza kusoma kesho yake. Vitabu vikakaa chini ya kitanda siku 8.

Siku ya 9 nilijaribu. Nilifungua sura ya moyo kushindwa kufanya kazi, mada ambayo ningeweza kumfundisha mtu usingizini. Nikasoma ukurasa mmoja mara nne, na mara zote nne nilifika chini bila kubeba kitu. Nikasema nimekuwa mvivu, na neno hilo lilinikaa vibaya sana, kwa sababu mvivu hafanyi zamu za saa 12 halafu akarudi nyumbani kumkagulia mtoto daftari. Sasa najua ilikuwa hofu. Kila swali la mazoezi nililolifungua lilikuwa kama hukumu inasomwa upya: nikikosa, si unaona, ndiyo maana ulifeli. Hakuna anayependa kukaa mezani kila siku kuhukumiwa.

Watu walinifariji. Usikate tamaa, Mungu ana mpango, wengi wanarudia. Nawashukuru kwa dhati, na wengine waliniombea wakalia nami. Lakini maneno yale hayakunipa kitu cha kufanya na mikono yangu saa 3 usiku nikiwa nimekaa mbele ya kitabu.

Siku ya 20 dada yangu mkubwa akapiga simu. Hakuugusa mtihani kabisa. Ana mimba ya pili, na jana yake mkunga alikuwa amemuuliza historia ya uzazi wa kwanza, alipopandisha presha mpaka wakahofia kifafa cha mimba. Akaniambia: "Mdogo wangu, nisaidie kitu. Ile dripu waliyoniwekea, mwili mzima ukanichoma kama nimemwagiwa maji ya moto, ilikuwa ya nini? Na kwa nini kila saa walikuja kunigonga magoti na kile kinyundo? Nilidhani wananichezea."

"Hawakuwa wanakuchezea, Dada," nikamwambia. Nikaanza kumweleza. Ile ni magnesiamu salfeti, inatuliza mfumo wa neva ili degedege lisije, na lile joto ni kwa sababu inalegeza mishipa ya damu. Shida yake ni kwamba ikizidi mwilini inatuliza kupita kiasi. Kitu cha kwanza kupotea ni ule mrusho wa goti. Baada yake ndiyo pumzi inaanza kupungua. Kwa hiyo goti ni mlinzi wa mlangoni: likikaa kimya, muuguzi anajua hatari iko njiani kabla haijafika kifuani. Akaniuliza na ile mirija ya mkojo, mbona walikuwa wanapima kila tone. Nikamwambia figo ndizo zinazoitoa dawa hiyo, mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa maana yake dawa inabaki ndani inajilundika. Akakaa kimya, halafu akasema polepole, "Kumbe yule dada wa usiku alikuwa ananilinda."

Tuliongea dakika 40. Nilipokata simu nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mkono mmoja bado uko hewani kama ninayechora.

Hapo nikakumbuka kitu, nikavuta boksi la kadi zangu kutoka chini ya kitanda. Ilikuwepo. Swali la mazoezi nililolikosa miezi miwili kabla ya mtihani: mama mjamzito yuko kwenye magnesiamu, anapumua mara 10 kwa dakika, goti haliruki, mkojo mililita 20 kwa saa, utafanya nini kwanza? Nilikuwa nimechagua kumpigia daktari. Nyuma ya kadi nimeandika jibu sahihi kwa wino mwekundu, *simamisha dripu*, na chini yake hakuna sababu hata moja. Nililikariri nikaendelea.

Nililiangalia lile swali kwa muda mrefu. Mama yule alikuwa ni dada yangu kabisa. Kama ningekuwa nimesimama pembeni ya kitanda chake ningeiacha dawa inayomzimia pumzi iendelee kutiririka huku mimi natafuta namba ya daktari? Mkono ungefunga dripu kabla sijawaza, ndipo ningeita msaada na kuandaa kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo kinzani yake. Nilikosa lile swali kwa sababu nilipolisoma sikumwona mtu. Nilikuwa nakisia mtihani unataka nini.

Usiku ule nilifanya maswali 10. Nilikosa 4, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke kukosa hakukuniumiza, maana kila moja nilitaka kujua mgonjwa angepatwa na nini kwa jibu langu.

Kesho yake nikatoa bahasha niliyokuwa nimeikunja. Aliyefeli hupewa ripoti inayoonyesha kila eneo alikuwa wapi: juu ya kiwango, karibu na kiwango, au chini. Nilikuwa nimeisoma mara moja nikaona neno "chini" peke yake. Safari hii niliisoma na kalamu. Dawa na sindano za mshipani, chini. Kupunguza hatari za matibabu, chini. Sehemu nyingi zilizobaki, karibu. Afya ya akili na msaada wa kisaikolojia, juu. Na kufika swali la 150 maana yake mashine ilishindwa kuamua mpaka mwisho. Lilikuwa pengo, na pengo lina upana unaopimika. Natamani mtu angeniambia niisome siku ya kwanza, ingawa sijui kama siku ya kwanza ningesikia.

Sasa nina daftari moja tu. Kila swali nililokosa naandika mistari mitatu: nilimwona mgonjwa gani, nilidhani nini, na mwili wake unafanya nini hasa. Jibu sahihi siliandiki, linajitokeza lenyewe. Wiki ya kwanza nilikosa maswali 61. Nilipoyapitia, 24 niliyajua kabisa: ama nilibadilisha jibu sahihi dakika ya mwisho, ama nilisoma "kwanza" kama "pia". Hayo yalinihuzunisha kuliko yale nisiyoyajua, na yamekuwa rahisi kuliko yote kuyatibu. Nafunika majibu kwa kiganja, nasoma swali, nasema kwa sauti ningefanya nini, ndipo nafunua.

Hamu haiji kila siku. Juzi nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakaa mbele ya kompyuta nikahisi ile hofu ya zamani inapanda tumboni. Nilifanya maswali 3 nikalala. Maswali 3 yameandikwa daftarini kama mengine, na tarehe yake.

Binti yangu alilifungua wiki iliyopita akitafuta karatasi ya kuchorea. Akaona mistari ile yote, akauliza hizi ni nini. Nikamwambia ndipo nilipokosea. Akafungua kurasa moja moja mpaka mwisho, kwa uangalifu, kama anayekagua kazi ya mwenzake. "Ni mengi, Mama." Ni mengi kweli. Akachukua penseli, akaniomba ukurasa wa nyuma, akachora mtu amelala kitandani na mtu mwingine amesimama kando yake, mikono yote miwili imenyooshwa kwenye dripu.

Siku 45 zimepita. Nimelipia, nimepangiwa tarehe, zimebaki siku 11. Sijamtangazia mtu zaidi ya dada, ambaye presha yake bado iko sawa, na ambaye hupiga simu kila Jumapili na swali jipya. La wiki hii ni kwa nini mgonjwa wa kisukari anapotiwa insulini kwa dripu wauguzi wanahangaika na potasiamu yake. Nimeshamwandalia jibu: insulini inaisukuma potasiamu iingie ndani ya seli, kwenye damu inashuka, na moyo ndio unaoanza kulalamika. Anataka nimchoree na mapigo yenyewe jinsi yanavyobadilika, kwa hiyo leo nakesha na mchoro wa moyo.