Inverta Iliyokataa Kutripu

Hii ilikuwa kabla Nakuru haijapewa hadhi ya jiji, hiyo ilikuja Desemba 2021, na mimi kazi yangu ilikuwa Kisumu, inverta (kile kifaa cha kuendesha mota na kubadilisha spidi yake) na mota, sanasana za pampu. Mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo huko Nakuru alipewa namba yangu na mteja akanipigia akiwa amechoka kabisa. Mota ya konveya inaungua, anaipeleka kurewaindiwa, yaani kufungwa waya mpya ndani, inarudi, inaungua tena, fundi wa kurewaindi anasema shida ni stima, watu wa stima wanasema shida ni mota, na yeye yuko hapo katikati analipa tu. Nikapanda matatu ya kupitia Kericho.

Nilipofika nikaenda kwa inverta kwanza, nikafungua historia ya folti, ile orodha ya hitilafu ilizowahi kuona. Tupu. Mzee aliyekuwa anaendesha mashine akaniambia kwa fahari, "Hii haisumbui fundi, mbovu ni mota." Nikatema mate kidogo kwa kava ya mota, yakachemka tsss, harufu ya vanishi ndiyo hiyo inapanda. Sasa inverta ambayo mota inapikika mbele yake na haisemi kitu ni kama soja aliyelala getini.

Pleti ya mota ilikuwa haionekani, pumba na molasi vimekaukia juu mpaka kati ya zile fini, mbavu za kupoza mota, hakuna pa hewa kupita. Nikakwangua na bisibisi hadi namba zikatokea: 4 kW, 230/400 V, 14/8.1 A. Imefungwa star, ule ufungaji wa waya wa volti 400, kwa hivyo ampea yake ni ile ndogo, 8.1. Nikaingia kwa parameta, zile namba za kuseti inverta, nikakuta mtu ameandika 14. Na inverta yenyewe ilikuwa ya 7.5 kW, imetolewa kwa mashine nyingine, kwa hivyo 14 kwake ni kitu kidogo, haikuwa na sababu ya kulalamika. Watu wanasahau inverta haigusi mota, inapiga tu hesabu ya joto kutokana na ampea inazotoa na ile namba uliyoiandikia, ukiidanganya namba na hesabu yote ni uongo.

Nikaweka 8.1, tukawasha na mzigo. Haikumaliza hata mchanganyo mmoja, ikatripu, yaani ikajizima yenyewe, ikisema ovalodi, mota imezidiwa. Tukangoja, tukawasha, ikatripu tena. Nje kuna mteja na pikapu anangojea dairy meal, vijana wa magunia wamesimama wananiangalia, mama akatoka ofisini: "Fundi, ulikuja kutengeneza ama kuharibu? Hii haijawahi kuzima tangu niinunue." Nikamwambia mama, nipe nafasi kidogo, saa hii ndiyo imeanza kusema ukweli. Hakufurahia hilo jibu.

Nikatoa cheni, mota ikabaki peke yake bila kuvuta chochote, nikaizungusha kwa 12 Hz, ile spidi wanayoendesha siku zote. Klampu mita, ile ya kubana waya kupima ampea, ikasoma karibu ampea 8. Bila mzigo! (Iwe klampu ya true RMS, inayosoma sawa hata umeme wa inverta, zile za bei rahisi zinakudanganya ukiweka kwa waya za kutoka inverta.) Nikageukia mzee, nikamuuliza nani amegusa boost, ile seti ya kuongeza volti kwa spidi ya chini. Akajikuna kichwa. Kumbe Julai asubuhi Nakuru ina baridi, molasi inakuwa nzito, auga (ile skrubu ya konveya inayosukuma chakula) inakataa kuanza, fundi fulani akapandisha boost ikaanza, na tangu hapo hakuna aliyeirudisha chini. Volti nyingi kwa spidi ya chini, mota inajaa sumaku kupita kiasi na ile ampea yote inageuka joto. Nikaishusha, ampea zikaanguka karibu nusu.

Lakini hiyo 12 Hz bado ilinisumbua. Pampu zangu za Kisumu ukipunguza spidi mzigo nao unapungua sana, auga haiko hivyo, uzito wa kusukuma ni uleule hata ikienda polepole. Na feni ya mota iko kwa shafti ileile, mota ya kuzunguka kama 1,450 kwa dakika sasa haifikishi 360, hiyo feni inapepea nini? Ongeza kwamba Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, haipozi vizuri, na mota nyingi nguvu yake imehesabiwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000. Watu husema huko ni baridi basi mashine haiwezi kupata joto. Wapi.

Sproketi za cheni zilikuwa za meno 19 pande zote mbili. Tukanunua ya 15 kwa giaboksi na ya 38 kwa auga, na cheni ndefu kidogo. Auga ikabaki na mwendo wake uleule lakini mota sasa iko 30 Hz, feni inapuliza, na nguvu ya kusokota inayotakiwa kwa shafti ya mota imeshuka hadi karibu asilimia 40 ya ile ya kwanza. Asubuhi iliyofuata, na molasi yake nzito, ikaanza bila boost ya kuongezewa, ampea kati ya 5 na 6, saa nane mchana naweka mkono kwa mota nauacha.

Mama akapiga hesabu ya sproketi na cheni, akaona ni chini ya rewaindi moja, akaguna tu. Halafu akaniambia nisiondoke kabla sijaangalia inverta ya mikisa, mashine ya kuchanganya, na hiyo nayo nikakuta imeandikwa namba kubwa ya pleti.