Umeme umekatika, harusi imebaki

Jamani, leo nikirekodi harusi Ujiji nimeponea chupuchupu.

Mwaka jana nilipoteza video ya nikahi nzima. Faili moja la saa mbili, umeme ukakatika, hilo faili la video (MP4) halikufungwa vizuri, halikufunguka tena. Nikarudisha hela. Macho ya yule bibi harusi bado nayaona.

Leo nikaseti programu ya kurekodi kwenye kompyuta ikate faili kila dakika 10, huku picha ikiendelea kuonekana mubashara kwenye skrini ya akina mama, nje chini ya turubai. Hofu yangu: faili likibadilika, skrini si itaganda?

Dakika ya 10. Nikabana pumzi.

Kuna bibi mmoja alikuwa anajipungia mkono kwenye skrini.

Faili la pili likaanza. Mkono wake haukukwama hata kidogo. Akaendelea kujipungia, anacheka na pengo lake.

Alasiri umeme ukaenda. (Betri ya kompyuta ilishakufa zamani, msinicheke.) Zimepotea dakika 4 tu, watu wanapakuliwa pilau. Mafaili 7 yote yanacheza.

Wapiga video wenzangu, nyie mnakata kila dakika ngapi?