Akaunti kwa jina langu? Hapana, mpwa wangu

Mpwa wangu anayeishi Umoja ameniomba nimfungulie akaunti ya kubeti kwa spredi huku Uingereza. Niifungue kwa jina langu, yeye atume pesa, aiendeshe kwa simu akiwa Nairobi, faida tugawane. Sababu yake ni moja: "Anti, huko si hamkatwi ushuru hata senti?" Nimemkatalia. Na kwa kuwa najua wengi wetu tulio ng'ambo tunaombwa hivyo hivyo na watoto wa nyumbani, naandika hapa jibu ambalo kwenye simu sikupata nafasi ya kulimaliza.

Alichosikia ni kweli. Anayebeti kwa spredi hanunui hisa yoyote. Anaweka pauni kadhaa kwa kila pointi, akibashiri kwamba bei ya hisa, dhahabu au sarafu itapanda au itashuka. Ikienda upande wake analipwa kwa kila pointi, ikienda kinyume analipa yeye. Mambo haya yalianza London mwaka 1974, Stuart Wheeler alipoanzisha IG Index ili watu waweze kubashiri bei ya dhahabu. Kisheria ni kamari, kwa hiyo mtu binafsi hatozwi ushuru wa faida ya mtaji, yaani ule wa faida ya kuuza mali kama hisa, wala hakatwi ule ushuru wa stempu wa asilimia 0.5 unaokatwa ukinunua hisa za kampuni za Uingereza. Msimamo huo una miaka mingi. Mwaka 1925, katika kesi ya Graham v Green, mahakama iliamua kwamba mtu aliyejipatia riziki kwa kubeti farasi hakuwa anafanya biashara, na alichoshinda hakikuwa mapato ya kutozwa. Serikali huchukua chake kwa kampuni yenyewe: asilimia 3 ya kile inachobaki nacho kutokana na spredi za kifedha.

Lakini sheria ambayo haigusi faida yako haitaki kujua hasara yako pia. Mtu aliyeuza hisa halisi kwa hasara anaweza kuiripoti kwa HMRC, mamlaka ya ushuru ya huku, ndani ya miaka minne, kisha akaipunguza kwenye faida ya miaka ya mbele. Aliyepoteza kwa spredi hana pa kuipeleka. Na wanaopoteza ndio wengi. Mwaka 2016 mamlaka ya kusimamia huduma za fedha, FCA, ilichunguza CFD, mikataba inayofanana sana na spredi, ikakuta asilimia 82 ya wateja walipoteza pesa. Siku hizi kila kampuni inalazimika kuandika kwenye tangazo lake ni asilimia ngapi ya wateja wake wa kawaida wanaopata hasara. Nilimwambia mpwa wangu aanze kusoma tangazo kutokea hapo.

Kuna vijana wanaoamini kwamba wakijitangaza kuwa wafanyabiashara wa soko, hasara ya hisa itapunguzwa kwenye ushuru wa mshahara wao. Mwaka 1979 bwana mmoja alijaribu njia hiyo katika kesi ya Salt v Chamberlain. Mahakama ilimwambia kwamba mtu binafsi anayenunua na kuuza hisa kwa kubahatisha kwa kawaida hahesabiwi kuwa anaendesha biashara.

Ushuru hata hivyo si jambo linalonikosesha usingizi. Kinachonitia hofu ni deni lililofichwa ndani ya mchezo wenyewe.

Chukua FTSE 100, fahirisi inayopima bei za hisa za kampuni kubwa 100 za soko la London, ikiwa kwenye 8,000. Ukiweka pauni 5 kwa pointi ukibashiri itapanda, umebeba mzigo wa pauni 40,000. Kwa kanuni za FCA zilizoanza Agosti 2019, dhamana, yaani pesa unazotakiwa kuweka ili kushikilia dau, kwa fahirisi kubwa kama hiyo ni angalau asilimia 5, yaani pauni 2,000, ambazo kwa shilingi zinapita elfu mia tatu. Tuseme ndizo pekee ulizonazo kwenye akaunti. Soko likishuka pointi 200, asilimia mbili na nusu tu, kitu ambacho kinaweza kutokea kwa siku moja ya habari mbaya, umepoteza pauni 1,000. Akaunti yako imefika nusu ya dhamana inayotakiwa, na hapo kanuni inailazimu kampuni kukufungia dau. Haijalishi kama kesho yake asubuhi soko litapanda pointi 300. Wewe hutakuwepo. Na ukilala na dau wazi, kila usiku unalipia riba ya ule mzigo wote, si ya zile pauni 2,000 zako.

Wenye umri wangu wanakumbuka foleni za Nairobi mwaka 2008, Safaricom ilipouza hisa zake kwa umma kwa shilingi 5. Watu walikopa benki, wakauza ng'ombe. Mwanzoni mwa 2009 hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3, na huzuni ilijaa kila nyumba. Waliokuwa wamenunua kwa pesa zao wenyewe walikasirika, wakasubiri, wakaendelea kupokea gawio. Mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Waliokopa waliuza kwa hasara kwa sababu mkopo hausubiri. Sasa fikiria mtu ambaye amebeba mara ishirini ya alichonacho mfukoni. Huyo hawezi kusubiri hata wiki, sembuse miaka kumi na miwili. Ndiyo maana sikubali kuita spredi uwekezaji, hata ikiwa inabashiri bei ya hisa ile ile.

Kuna pia siku ambazo bei hairudi nyuma hatua kwa hatua, inaruka. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuzuia faranga isipande kupita kiwango ilichokuwa imekiweka dhidi ya yuro. Ndani ya dakika chache wateja waliokuwa wameagiza wafungiwe wakifika hasara fulani walifungiwa kwenye bei ya mbali kabisa na ile waliyoitaja. Wengi walijikuta wanadaiwa zaidi ya walichokuwa wameweka, na kampuni ya Alpari ya Uingereza ilifilisika. Leo mteja wa kawaida wa kampuni yenye kibali cha FCA hawezi kudaiwa zaidi ya kilicho kwenye akaunti yake. Kinga hiyo haimfuati anayejiunga na kampuni iliyosajiliwa kwenye kisiwa cha mbali inayomwahidi kubeba mara 500 ya pesa zake, na hizo ndizo zinazojaa kwenye simu za vijana wetu.

Turudi kwenye ombi la jina langu. Kampuni hizi hutaka kitambulisho, anwani, mshahara, na pesa zitoke kwenye akaunti ya benki ya mteja mwenyewe. Nikiweka za mtu mwingine na kumwachia nywila, nimetoa maelezo ya uongo, na akaunti inaweza kufungwa pesa zikiwa ndani. Nikianza kupokea za binamu na za chama chetu ili niwazungushie, mambo yanakuwa mazito zaidi: kusimamia uwekezaji wa watu kama shughuli bila kibali cha FCA ni kosa la jinai. Nairobi nako ni hivyo hivyo. Biashara ya sarafu za kigeni mtandaoni (forex) ina kanuni zake tangu 2017, na anayekuambia "nipe elfu hamsini nikutredie" anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Majina ya wenye leseni yako kwenye tovuti yao.

Na msamaha wa Uingereza haupandi ndege. Sheria ya ushuru wa mapato ya Kenya inasema mkazi akiendesha biashara sehemu ndani ya nchi na sehemu nje, faida yote huhesabiwa kuwa imepatikana Kenya. Kijana anayeamka kila siku Umoja na kufanya hii iwe kazi yake hawezi kujificha nyuma ya kamari ya London.

Lakini jambo lililonifanya nimpigie simu tena usiku ule ule ni hili: anachokitafuta kwangu anacho tayari. Kenya iliurudisha ushuru wa faida ya mtaji mwaka 2015 kwa asilimia 5, na tangu 2023 ni asilimia 15, ila hisa zilizoorodheshwa kwenye soko la Nairobi, NSE, zimesamehewa. Akinunua hisa leo na kuuza baadaye kwa faida, faida hiyo haikatwi ushuru huo. Gawio linakatwa asilimia 5 kabla halijamfikia, basi, imeisha.

Mimi niliye ng'ambo ndiye mwenye mzigo. Gawio langu la hisa za NSE linakatwa asilimia 15 kwa kuwa si mkazi. Kisha, kama mkazi wa Uingereza niliyepita miaka minne ya mwanzo ambayo mgeni huachiwa mapato yake ya nje, natakiwa kulitangaza huku pia, nikipunguziwa kile kilichokwisha kukatwa Nairobi. Nikiuza hisa hizo kwa faida, Uingereza inaitazama hiyo faida. Kiasi kinachosamehewa kwa mwaka kilikuwa pauni 12,300. Sasa ni 3,000, na inayozidi hutozwa asilimia 18 au 24 kulingana na kipato. Ndugu zangu wenye hisa, ploti au nyumba za kupangisha huko nyumbani, hili linawahusu sana. Mwaka wa ushuru huku unaisha tarehe 5 Aprili, na fomu ya mtandaoni inatakiwa ifike isipite 31 Januari inayofuata. Anayetaka hisa bila ushuru huku ana akaunti ya ISA, hadi pauni 20,000 kwa mwaka, kwa jina lake na pesa zake.

Mpwa wangu amekubali, ingawa kwa shingo upande, kufungua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa kielektroniki, kupitia dalali mwenye leseni. Leseni nimesisitiza sana, kwa sababu madalali wa hisa Francis Thuo, Nyaga na Discount Securities walianguka mmoja baada ya mwingine kati ya 2007 na 2009, na wateja wakahangaika miaka kudai chao. Tangu 2025 NSE inaruhusu kununua hata hisa moja, kwa hiyo hana haja ya kungoja mtaji mkubwa. Ameniuliza aanze na kampuni gani. Nimemtaka kwanza achague tatu, achukue taarifa zao za fedha za mwaka uliopita, aandike kila moja ina deni kiasi gani na imelipa gawio miaka mingapi mfululizo. Desemba nikija tutazipitia pamoja, na ya kwanza atakayonunua nitamwongezea nusu ya bei.