Nguo tatu za dansi ya kisasa: mradi umefika wapi

Gauni la kwanza limekamilika. Kwa anayejiunga sasa: nashona upya nguo tatu zilizobeba historia ya dansi ya kisasa, ya Loie Fuller, ya Isadora Duncan na ya Martha Graham, nione mwenyewe kila nguo ilimruhusu mvaaji nini na ilimnyima nini. Wengi huanza kusimulia historia hii na miguu peku ya Duncan. Mimi naanza na Fuller.

Huyu Mmarekani, mzaliwa wa Illinois mwaka 1862, hakutegemea baleti. Mtaji wake ulikuwa kitambaa na mwanga. Alivaa hariri nyingi kupindukia, ndani yake fimbo nyepesi za kurefusha mikono, akaizungusha gizani huku mafundi umeme wakimmulika kwa taa zenye vioo vya rangi. Mwaka 1892 Paris nzima ilikuwa ikimzungumzia kutokana na maonyesho yake pale kwenye ukumbi wa burudani wa Folies Bergère. Mwaka huohuo kule New York alishindwa kesi: alitaka kumzuia mchezaji mwingine asimuige, mahakama ikaona kwamba dansi isiyosimulia kisa hailindwi na hakimiliki. Basi mwaka 1894 akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya gauni lenyewe. Ujanja huo nauvulia kofia.

Bei ya hariri siiwezi, nimetumia shifoni. Inateleza mno chini ya cherehani, kwa hiyo nimeishona pamoja na karatasi laini, kisha nikaichana karatasi taratibu mshono ulipokamilika. Vipande nimevikata robo duara na kuviunga mpaka pindo likajaa chumba. Mzee fundi aliyeniazima meza ya kukatia aliuliza, “Binti, hili gauni au chandarua?” Fimbo ni mianzi niliyoipiga msasa, nimeipitisha kwenye mifereji iliyoshonwa ndani ya kitambaa.

Kulizungusha ni kazi! Mkono ukipunguza kasi kidogo tu, shifoni inaanguka na kujiviringisha kwenye mwanzi. Nguvu lazima itoke kiunoni ipande mgongoni. Ukitegemea viwiko, umekwisha. Baada ya dakika chache mabega yanawaka moto. Tangu nilivae siwaelewi tena wanaosema Fuller alikuwa fundi wa taa tu, si mchezaji.

Halafu tahadhari kwa wanaotafuta video zake: nyingi zinazosambaa kwa jina lake si yeye. Ile maarufu iliyotiwa rangi kwa mkono ni ya Annabelle Whitford, aliyepigwa picha katika studio ya Edison miaka ya 1890.

Nguo ya pili haikunisumbua. Duncan, aliyezunguka Ulaya kwa muda na kundi la Fuller mwaka 1902, alicheza na vazi jepesi la mtindo wa Kigiriki, bila koseti ya kubana kiuno, bila viatu. Cha kushona ni kidogo, maana mapinduzi yake yalikuwa katika alichovua. Ukilivaa unajikuta unapumua mpaka chini kabisa, na hapo inaeleweka kwa nini alisisitiza kwamba mwendo unaanzia katikati ya kifua.

Sasa niko kwenye ya tatu, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwaka 1930 Graham alionyesha “Lamentation”, dansi ya huzuni kwa muziki wa piano wa Kodály. Ameketi karibu muda wote, yumo ndani ya mfuko wa kitambaa kinachovutika. Uso, viganja na nyayo tu viko nje. Fuller alikirusha kitambaa mpaka mwili ukapotea. Graham anakisukuma kwa ndani, na kila kiwiko na goti likisukuma, unaona mikunjo iliyokazwa inavyopita mwilini. Ile mbinu yake ya kukaza kiwiliwili na kukiachia inasomeka kwenye nguo kabla hujaiona mwilini.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea kitambaa. Vitambaa vingi vya jezi nilivyovikuta Kariakoo vinavutika kwa upana tu. Kwa urefu vimekaza. Nimeshona kipande cha majaribio kwa sindano ya ncha butu na mshono wa zigizaga. Mshono umehimili, ila goti likipanda kitambaa kinavuta shingo badala ya kutanuka. Nitajaribu kukigeuza ili upande unaovutika uende wima, na mshono wote uhamie mgongoni. Rangi ya zambarau nimeshaipata, na benchi la kukalia ninalo.